BAHATI HAINA KUMBUKUMBU
Namna tulivyojifunza hesabu ya bahati kwa vifuniko, krayoni na maharagi



Katika toleo hili sisi wa mwaka wa tatu wa humanité tunataka kuwaelezea somo moja ambalo wengi wanaliogopa, ni lile la probabilité. Sisi tunaliita hesabu ya bahati. Vitabu vinalianza kwa fomule. Mwalimu wetu alilianza kwa mchezo. Wengine waliopita karibu na dirisha letu walisikia kelele, wakasema: "Darasa lile linacheza tu." Ni kweli tulicheza. Lakini tulihesabu pia, na katika kuhesabu tuliona mambo mawili: juu ya nini mwenzetu mmoja alipoteza pesa ya minervale sokoni, na juu ya nini mama mmoja hakustahili lawama aliyopewa na jamaa.

1. MWENZETU NA MTU WA DADU

Mwenzetu huyu ametupa ruhusa ya kuandika habari yake, bila jina. Mama yake alimpa franka 40.000 alete shuleni. Njiani akapita sokoni, akaona watu wamezunguka meza. Mtu mmoja alikuwa na dadu tatu, vile vipande vya mraba vyenye nukta kutoka 1 mpaka 6, ndani ya kikopo. Alikuwa anaita watu:

"Karibu kijana! Chagua namba moja, weka franka 500. Namba yako ikitoka mara moja, narudisha 500 yako na kuongeza 500. Ikitoka mara mbili, naongeza 1.000. Ikitoka mara tatu, naongeza 1.500. Dadu ziko tatu, namba ziko sita, basi mimi na wewe tuko sawasawa, nusu kwa nusu. Na wewe ndiwe uko na faida, juu namba inaweza kutoka zaidi ya mara moja!"

Mwenzetu akafikiri: tatu katika sita, kweli ni nusu. Akachagua 4. Mara ya kwanza akashinda, mara ya pili akashinda. Kiisha namba 4 ikakataa kutoka. Akasema moyoni: "Haijatoka tangu muda mrefu, sasa ni lazima itoke." Akaweka 2.000, kiisha 5.000. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Siku aliposimulia darasani tulicheka kwanza, halafu tukanyamaza, sababu wengi wetu hatukuweza kusema alikosea wapi. Na sisi tulifikiri ni nusu kwa nusu. Mwalimu hakumgombeza. Alisema tu: "Kesho kila mtu alete vifuniko vya chupa za sukre, krayoni moja, na mahindi makavu ya kujaza mkono."

2. VIFUNIKO

Katika vitabu wanaanza kwa kurusha sarafu. Kwetu sarafu za chuma hazitembei, tuko na noti tu, na noti haitupwi. Ndipo tukachukua vifuniko. Kifuniko kikianguka, ama mdomo unatazama juu, ama unatazama chini. Tuliandika M kwa mdomo juu, na C kwa mdomo chini.

Kabla ya kurusha, Mwalimu aliagiza kila mmoja aandike analofikiri. Karibu wote tuliandika: "Nusu kwa nusu, juu njia ziko mbili." Tulikuwa wanafunzi 40, kila mmoja akarusha mara 25, yaani mara 1.000 kwa jumla. Mmoja alipata M mara 9 tu, mwingine mara 20. Tukaanza kubishana nani anarusha vibaya. Lakini tulipojumlisha watu watano watano, namba zikaanza kukaribiana. Tulipojumlisha zote tukapata M mara 587. Vifuniko vya kwenu vinaweza kutoa hesabu ingine. Vyetu havikupenda nusu kwa nusu.

Hapo tulijifunza mambo mawili. La kwanza: njia mbili hazimaanishi nusu kwa nusu. Kuna wanafunzi wanaosema: "Egzameni ya Serikali, ni kupita ao kuanguka, basi ni nusu kwa nusu." Hapana. Mwenye kusoma na asiyesoma hawarushi kifuniko kimoja. La pili: mara chache hudanganya, mara nyingi husema ukweli. Ukirusha mara kumi huwezi kujua kitu. Ukirusha mara elfu, unaanza kuona tabia ya kifuniko.

Hatukuwa wa kwanza kupata uvumilivu huu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwalimu wa hesabu John Kerrich kutoka Afrika ya Kusini alikuwa Danemark wakati Wadachi walipoingia mwaka wa 1940, wakamfunga kambini. Badala ya kukaa bure, alirusha sarafu mara 10.000 na kuandika kila mara. Upande wa kichwa ulitoka mara 5.067. Katika mara 1.000 za kwanza ulitoka mara 502. Sarafu ilikuwa ya haki, lakini alihitaji subira ya mfungwa kuionyesha.

Kiisha Mwalimu akauliza swali la mwenzetu wa sokoni: "M ikitoka mara tatu mfululizo, inafuata nini?" Wengi walisema C, "juu M imechoka." Akasema: "Mko na karatasi. Tazameni." Tukatafuta pahali pote penye M tatu mfululizo, tukapata 178. Baada ya zile tatu, M ilifuata tena mara 103. Fanyeni hesabu: ni karibu 58 katika 100, sawa na ile ya jumla. Kifuniko hakikuchoka. Hakikujua hata kidogo kitu gani kilitoka mbele. Ndipo Mwalimu akaandika ubaoni maneno tuliyoyatia juu ya makala hii: BAHATI HAINA KUMBUKUMBU.

Tuseme pia aibu yetu. Wanafunzi wawili hawakurusha. Walikaa chini ya mwembe, wakabuni orodha zao. Mwalimu akazitambua mara moja, akawapa vifuniko waanze upya. Tukamuuliza: "Mwalimu, umejua namna gani?" Akajibu: "Katika orodha zenu za kweli kuna pahali M inatoka mara tano, hata mara saba bila kukatika. Hawa wamebadilisha kila mara, M, C, M, M, C. Hawakuthubutu kuweka hata tatu mfululizo. Mtu akibuni bahati, anaipa kumbukumbu." (Namba 587 na 103 ni za orodha za kweli, baada ya wale wawili kurusha.)

3. KRAYONI TATU

Dadu hatukuwa nazo. Lakini krayoni ya kawaida iko na mbavu sita. Tuliandika 1 mpaka 6 juu ya mbavu, tukaibingirisha mezani. Ubavu unaotazama juu ndio namba. Kila kundi likabingirisha krayoni zake mara 60 kwanza, kuona kama hakuna namba inayopendelewa sana. Krayoni iliyopinda tuliikataa.

Kiisha tukaanza mchezo wa sokoni wenyewe: krayoni tatu, mchezaji mmoja, mwenye meza mmoja, na mbegu moja ya mahindi badala ya franka 500. Darasa zima tulicheza mara 216. Namba hii Mwalimu aliichagua, na tutasema sababu yake. Matokeo yetu ni haya:

Namba haikutoka: mara 127
Ilitoka mara moja: mara 72
Ilitoka mara mbili: mara 16
Ilitoka mara tatu: mara 1

Mchezaji alipata mbegu 72, na 32, na 3, yaani 107. Alipoteza 127. Kwa hiyo mwenye meza alibaki na mbegu 20 za faida, ni kusema franka 10.000, bila kudanganya, bila ujanja wa mkono.

Sasa juu ya nini? Krayoni ya kwanza iko na njia 6, ya pili 6, ya tatu 6. Kwa pamoja ni 6 x 6 x 6 = 216. Ndiyo sababu tulicheza mara 216. Tuseme umechagua 4:

a) 4 isitoke hata mara moja: kila krayoni iko na njia 5. 5 x 5 x 5 = 125.
b) 4 itoke mara moja tu: iko kwenye krayoni moja kati ya tatu, na zile zingine mbili ziko na njia 5 kila moja. 3 x 5 x 5 = 75.
c) 4 itoke mara mbili: krayoni moja inabaki nje, na iko na njia 5. 3 x 5 = 15.
d) 4 itoke mara tatu: njia 1.

Jumlisheni: 125 + 75 + 15 + 1 = 216. Hakuna njia iliyopotea. Mchezaji anapata 75 + 30 + 3 = 108, anapoteza 125. Tofauti ni 17 katika kila michezo 216. Yaani kila mara unapoweka franka 500, ni kama unamwachia mwenye meza karibu franka 39. Leo unaweza kushinda. Lakini yeye anakaa pale toka asubuhi mpaka jioni, na mara nyingi husema ukweli.

Kosa la "tatu katika sita" liko wapi? Mwalimu alitupa njia nzuri ya kuliona. Alisema: "Kama krayoni tatu zinatoa nusu, basi krayoni sita zitatoa sita katika sita, yaani 4 haitakosa hata siku moja. Jaribuni." Tukabingirisha sita kwa pamoja. Mara ya pili tu, 4 haikuonekana! Ukihesabu vizuri utaona kama inakosa karibu mara moja katika tatu. Kosa ni kujumlisha nafasi za krayoni kama vile namba moja haiwezi kutoka mara mbili. Inaweza, na inapotoka mara mbili imekula nafasi ya namba ingine. Kile mtu wa dadu alichokiita faida ndicho kinamlipa yeye.

4. BWANA PREFE ANAINGIA

Tulikuwa katikati ya kelele hizi wakati Bwana Prefe alipofungua mlango. Tukasimama wote.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia namba na mbegu. Kamari imeingia katika shule ya Kanisa?"

"Hapana, Bwana Prefe. Hapa hakuna mtu anapoteza kitu, ila mahindi. Tunataka kujua pesa ya minervale inakwenda wapi."

Bwana Prefe akakaa kwenye benchi la mbele, akaomba mbegu kumi, akachagua 5. Baada ya michezo kama ishirini alibaki na mbegu tatu. Akazitazama mkononi, akasema: "Kumbe hata Prefe anaweza kunyang'anywa kwa haki!" Tukacheka naye.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama kutumia bahati ni dhambi. Mwalimu akakumbusha kama mitume walipiga kura siku walipomchagua Mathiya, katika Matendo ya Mitume sura ya 1. Kupiga kura kunaweza kuwa njia ya kutopendelea mtu. Ubaya uko katika kumla mwenzako, na katika kutumaini meza badala ya kazi. Akaongeza kama hesabu yenyewe ilikua kutoka maswali ya wachezaji. Mwaka wa 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa pesa ya mchezo uliokatizwa. Na Galileo wa Italia alikuwa amekwisha kuhesabu njia 216 za dadu tatu, juu watu waliona jumla ya 10 inatoka zaidi kidogo kuliko 9. Iko njia 27 kwa 25. Tofauti ndogo namna ile, walikuwa wameitambua kwa macho tu, kwa kucheza sana.

5. MAHARAGI

Siku ya mwisho Mwalimu aliweka mezani vikopo viwili. Katika kila kikopo kulikuwa haragi moja jeupe na moja jekundu. Akasema: "Leo hatuchezi. Kikopo hiki ni baba, hiki ni mama."

Wengi wetu tunajua ugonjwa wa drepanocytose, ule wa chembe za damu zinazopinda kama mundu, wenye kuleta maumivu makali ya mifupa na kukosa damu. Nchi yetu ni moja ya zile zenye wagonjwa wengi duniani. Kila mtu anapokea sehemu moja ya damu yake kwa baba na moja kwa mama. Nyeupe tuite A, nyekundu tuite S. Mwenye AA ni mzima. Mwenye AS ni mzima pia, kwa kawaida haoni kitu, lakini anaweza kumpa mtoto ile S. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Baba na mama wa vikopo wote wawili ni AS. Unafumba macho, unatoa haragi moja katika kila kikopo, unaandika mtoto, unarudisha maharagi ndani, unatikisa, unatoa tena. Njia ziko nne, na zote ziko sawa: nyeupe-nyeupe, nyeupe-nyekundu, nyekundu-nyeupe, nyekundu-nyekundu. Kwa hiyo mtoto mgonjwa ni njia moja katika nne.

Kila mmoja wetu akaunda jamaa ya watoto wanne. Wengi walifikiri: moja katika nne, basi kila jamaa itakuwa na mgonjwa mmoja na wazima watatu. Tazameni tulichopata katika jamaa 40:

Bila mgonjwa: jamaa 13
Mgonjwa mmoja: jamaa 17
Wagonjwa wawili: jamaa 8
Wagonjwa watatu: jamaa 2

Kwa jumla watoto wagonjwa walikuwa 39 katika 160, karibu kabisa na moja katika nne. Lakini hawakugawanywa kama chakula cha refectoire, kila meza sahani moja. Hesabu ya fomule inasema vile vile: katika jamaa 256 za namna hii tunangojea 81 bila mgonjwa, 108 zenye mmoja, 54 zenye wawili, 12 zenye watatu, na 1 yenye wote wanne.

Darasa lilinyamaza. Dada mmoja kati yetu, ambaye wadogo zake wawili wako na ugonjwa huu, alikuwa ametoa mwenyewe wagonjwa wawili katika vikopo vyake. Akasimama, akauliza:

"Mwalimu, mtoto wa kwanza alipougua, watu walimwambia mama: sasa umekwisha kupata mmoja, wengine watakuwa wazima. Alipozaliwa wa pili mgonjwa, shangazi zetu walisema ni mama ameleta mkosi katika nyumba. Kumbe vikopo viliona mtoto wa kwanza?"

"Hapana, binti yangu. Vikopo havikuona kitu. Kila mtoto anaanza upya."

"Na haragi jekundu linatoka katika vikopo vyote viwili?"

"Vyote viwili. Baba moja, mama moja. Hakuna aliyechagua."

Akakaa. Siku ile jioni alibeba vikopo viwili na maharagi manne nyumbani kwao. Baadaye alitueleza kama baba yake mwenyewe alitoa maharagi mara nyingi, mbele ya shangazi, bila kusema neno.

Tunawaambia wenzetu wote: kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ni AA, AS ao SS. Ni vizuri kujua mbele ya ndoa. Kama mmoja ni AA na mwingine AS, hakuna mtoto atakayekuwa SS. Jaribuni kwa maharagi, mtaona wenyewe.

6. KWA WALIMU NA WENZETU WANAOTAKA KUJARIBU

- Kila mtu aandike kwanza analofikiri, mbele ya kurusha. Asiyeandika atasema baadaye alijua.
- Fanyeni kazi katika makundi madogo, kiisha jumlisheni ubaoni. Kundi moja peke yake linaweza kupotea.
- Matokeo yasipofanana na fomule, msiyasahihishe. Yetu hayakufanana kabisa: mbegu 20 badala ya 17. Ongezeni michezo, mtaona.
- Fomule ije mwisho. Tulipoiona, tulikuwa tumekwisha kuitafuta sisi wenyewe.
- Hapana kutumia pesa, hata franka 50. Mahindi yanatosha, na kiisha yanaweza kuokwa.

SWALI KWA WASOMAJI. Wanafunzi wawili wanacheza, na kila mchezo wako na nafasi sawa. Kila mmoja ameweka mbegu 32, yaani 64 kwa jumla. Wa kwanza kushinda michezo mitatu anachukua zote. Mmoja amekwisha kushinda miwili, mwingine mmoja, na mvua inakuja, mchezo unakatika. Wagawe mbegu namna gani kwa haki? Si 32 kwa 32, na si zote kwa mmoja. Shauri letu: fikirini michezo miwili ambayo ingefuata, andikeni njia zote nne. Ni swali lile lile la barua za mwaka wa 1654. Leteni majibu kwa mkubwa wa darasa letu. Tutayaandika katika toleo linalokuja.

Na mwenzetu wa dadu? Alifanya kazi ya kubeba matofali wakati wa likizo, akarudisha pesa ya mama yake kidogo kidogo. Bado anapita sokoni karibu na ile meza. Anasema siku moja alisikia kijana mwingine akisema: "Haijatoka tangu muda mrefu, sasa ni lazima itoke." Akamshika mkono, akamvuta pembeni, akatoa krayoni mfukoni.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tatu